Mtihani Niliofanyia Wadi ya Watoto

Nianze kwa kukiri ujinga wangu, maana jirani yetu Mama Kendi atausema tu hata nikiuficha: mwaka niliokuwa darasa la nane, siku moja kabla ya mtihani wa taifa, nilikunywa peke yangu kibuyu kizima cha maziwa ya ngamia. Mpaka leo nikisikia harufu ya ule moshi wanaofukizia vibuyu, tumbo langu hunyamaza kama mwanafunzi aliyeitwa jina. Maziwa yalitumwa na nyanya kutoka Kulamawe, na hayakuwa ya kushiba. Kwetu mtahiniwa huombewa dua, kisha kibuyu kinapitishwa, na kila mtoto wa ploti yetu ya nyumba za kupanga anayefanya mtihani hupiga funda moja. Mama Kendi ni Mkristo, lakini siku hiyo hujifunga leso kichwani na kuitikia amina kutushinda sote. Mwaka huo watahiniwa tulikuwa mimi na binti yake Kendi, aliyekuwa akinipita kila muhula. Nikapiga hesabu zangu nyuma ya jiko: tukigawana baraka, Kendi atabaki mbele, nikiinywa yote, nitampita. Mtoto wa mfugaji angejua kwamba maziwa mabichi ya ngamia humfagia tumbo mtu asiyeyazoea. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini, ngamia nilimjua kwa kumpisha barabarani.

Kulipokucha nilikuwa nimekwisha. Baba alinipakata kwenye bodaboda hadi hospitali, wakanitundikia chupa ya maji na kunilaza wadi ya watoto, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Kilichoniliza hakikuwa tumbo. Baba alikuwa ameapa kwamba hakuna mtoto wake atakayerudia darasa la nane. Ukikosa mtihani, unaenda Korbesa kwa mjomba kuchunga mbuzi. Na mimi ni mtu ambaye hata kulala sebuleni kwa shangazi kulinitoa machozi. Mwalimu mkuu akaingia akihema, shati limetoka nje ya suruali, akaniuliza swali moja tu: "Unaweza kushika penseli?" Nikamwambia naweza. Akageuka kwa daktari, daktari akakubali kwamba kichwa changu ni kizima, kwa kadiri kilivyowahi kuwa. Mwalimu akatoka na simu sikioni kuomba ruhusa huko juu, na mimi nikabaki nikiitazama saa ya ukutani, maana wenzangu walikuwa karibu kuanza na sijasikia lolote.

Kisha mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mmoja mwenye miwani amekumbatia bahasha iliyofungwa, na nyuma yake askari mwenye bunduki. Moyo ulinidunda kama ngoma ya arusi. Ruhusa imetoka! Yule mama, msimamizi wangu, alinieleza taratibu kwamba nitafanyia mtihani pale pale kitandani, na kwamba kila dakika nitakayoitumia chooni nitarudishiwa mwishoni. Sijawahi kupewa zawadi inayonifaa kama ile. Bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu kitanda cha pili alimtazama askari, akanitazama mimi, akasikitika.

"Huyu mtoto ameiba nini?"

"Hajaiba, mama. Anafanya mtihani."

"Na bunduki?"

"Ya kulinda karatasi."

"Karatasi itamtoroka huyu? Hata kukaa hawezi."

Lakini nilikaa. Sinia ya chakula ikawa dawati, mkono wa kushoto una sindano, wa kulia unatia visanduku rangi. Tumbo likiita, tulitoka kwa msafara: mimi mbele, muuguzi akiinua chupa yangu ya maji juu kama mshika bendera, askari nyuma, naye anasimama mlangoni akitazama kando kwa heshima. Kina mama wa wadi waliwanyamazisha watoto wao kwa ajili yangu. Yule bibi naye kila nikirudi alinong'ona, "Bado mingapi, rais?" Ilipofika insha sikujua tena kama naumwa. Niliandika kwa raha, nikatumia hadi dakika ya mwisho ya zile nilizorudishiwa, na msimamizi alipofunga bahasha nilitamani mtihani uendelee hadi wiki ijayo. Nilipita, nikapata shule ya kutwa hapa hapa mjini, kitanda changu hakikuhama. Kendi, ambaye hakuonja hata tone, aliniacha mbali sana.

Sasa ni zamu ya binti yangu Hawa, gredi ya tisa, naye ana pumu. Shule yao iliniita mapema, tukakubaliana atakaa karibu na dirisha, dawa yake iko mezani kwa msimamizi, na akizidiwa muda wake utafidiwa. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyetokwa na shati. Nimefurahi, tena sana, ila nilimwambia Hawa kwamba mtihani bila bunduki hauna ladha, akanitazama kama mtu anayehitaji daktari. Jana kibuyu kilifika kutoka Kulamawe. Nilikiweka mapajani uani, watoto wamenizunguka, nikaanza kuwasimulia jinsi serikali ilivyowahi kunitumia ulinzi kitandani. Mama Kendi, ambaye mjukuu wake Mwenda anafanya mtihani pamoja na Hawa, alikuwa mlangoni pake anachambua maharagwe. Hakuinua hata uso.

"Baba Hawa, wacha hadithi ulete hiyo maziwa hapa. Mwaka huu Mwenda anakunywa wa kwanza, na wewe hunusi hata kifuniko."