Bi Biasha na Vumbi la Bahari

Jua limepanda na maji yamekupwa. Bi Biasha Makungu anavuka ufuo wa Jambiani, kikapu kichwani. Nyuma yupo wifi yake, Mwatum. Hawaitani. Mwatum akimtaka, hugonganisha mawe.

Bahari ina vumbi leo: utando wa rangi ya unga wa msumeno, umelala mpaka kwenye mlango wa mwamba, pengo linalopitisha maji. Pale ulipoanza kuoza, maji yamekuwa mekundu kama ya kuoshea nyama. Hapo mwiko ni mmoja: mtu haitwi jina, wala haitiki akiitwa.

Kaskazi iliyopita, mwaka 1970, Biasha alikuwa hapo mlangoni akifukia makumbi ya nazi yaoze, apate nyuzi za kamba. Akasikia sauti ya Mwatum ikimwita. Mwenyewe husimulia:

“Nkajibu, ‘Naam, wifi,’ nkaifuata. Maji yalipofika kifuani nkakumbuka: Mwatum nimemwacha kitandani, ana homa.”

Hakurudi tena mpaka leo. Lakini kusi ikianza, mchanga utalifunika shimo lake, na makumbi hayo ndiyo riziki ya watoto wake.

Shimoni wanamkuta Bwana Matar, mtafiti kutoka mjini, akikinga maji kwa chupa.

“Shikamoo, Bi Biasha!”

Biasha anaimeza marahaba yake.

“Umelogwa wewe?” Mwatum anamkemea. “Unataja jina hapa!”

Matar anacheka. Anaeleza kuwa vumbi lile ni viumbe hai, vidogo mno, vinavyogeuza hewa kuwa mbolea ya bahari.

“Haviogelei. Mkondo ndio unaovipangia makazi. Ukilegea hapa mlangoni, aina hii hurundikana. Nje ya mwamba, unapokwenda mbio, kuna aina nyengine.”

“Na hiyo sauti inayoita watu?” Biasha anauliza.

“Sauti haikingiki kwa chupa, Bi.”

Biasha ameshainama, anavuta makumbi meusi yanayonuka. Ndipo salamu inapotoka mwambani, taratibu, kwa sauti ya Matar mwenyewe:

“Shikamoo, Bi Biasha.”

Matar amefumba mdomo. Chupa inamponyoka.

Salamu inaita tena, karibu zaidi. Biasha anauma ncha ya kanga asije akaitika, anavuta makumbi mpaka shimo linabaki tupu.

Kwenye mchanga mkavu anamgeukia Matar. “Marahaba, baba.”

Hafikirii kuhama. Pale mlangoni, mkondo unapolegea, makumbi huoza vizuri kuliko kwengine, na kaskazi ijayo atafukia palepale.

“Njia ya mkondo nshaijua,” anasema, akikamua kanga. “Huyo anayeita, na aite. Atachoka yeye kwanza.”