Uzi wa Tatu wa Obokano ya Baba Mkwe

Miaka hiyo kuta zetu za udongo tulizibandika magazeti ili upepo usipenye. Mume wangu alikuwa akikamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu huko Nyansiongo, na akija nyumbani alileta magazeti makuukuu ya Kiingereza. Mimi niliacha shule darasa la pili. Maneno sikuyajua, lakini picha haihitaji mwalimu.

Siku moja nilikuwa nabandika pamoja na wifi yangu, nikaona katuni. Mzungu mwembamba amesimama barabarani anakwaruza fidla. Mbwa anatoroka, mzee amejiziba masikio kwa mkate, na kutoka dirishani juu mama mmoja anammwagia beseni la maji.

"Huyu mbona namjua," wifi akasema.

"Ni wa hapa hapa," nikamjibu. "Amekosa obokano tu."

Tukacheka mpaka nikakaa chini. Obokano ni chombo chetu cha nyuzi nane, na baba mkwe alikipiga kando ya barabara pale Daraja Mbili kila siku ya soko. Wauza ndizi walimpa kichane ili asogee kwa jirani. Yeye alidhani wamefurahi.

Nikasikia kikohozi. Baba mkwe amesimama nje ya mlango, obokano kwapani.

Kwetu kuna chinsoni, heshima ya wakwe: yeye haingii nyumbani kwa mke wa mwanawe, hatusemeshani uso kwa uso, nami sithubutu kumcheka. Nilikuwa nimeolewa mwaka huo huo. Kuna wanawake waliorudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Nileteeni hiyo picha," akasema, bila kuniangalia.

Nikaibandua, ikatoka na udongo. Wifi akampelekea, maana mimi nisingempa mkononi. Akaitazama sana. Mama mkwe akaja mbio kutoka jikoni, na alipoambiwa akashika kichwa.

"Yoo! Afunge nguo zake leo hii!"

"Nyamaza wewe," mzee akasema. Kisha akamgeukia binti yake. "Muulize mke wa kaka yako. Mimi napiga hivi?"

Uongo sijapata kuuweza. Na baba yangu mzazi alikuwa mpigaji. Sauti ya obokano naijua tangu nikiwa nabebwa mgongoni.

"Mwambie ndiyo," nikasema. "Uzi wa tatu umelegea. Umelegea tangu nije hapa."

Mama mkwe akaketi pale pale matopeni. Mimi nilishaanza kuitafuta kwa macho leso ya kufungia nguo zangu.

Mzee alikalia gogo, akanipa mgongo, akaukaza ule uzi, akaugonga kwa kidole.

"Muulize."

"Bado," nikasema kutoka ndani.

Akakaza, akagonga. Safari hii wifi hakungoja kutumwa.

"Anatikisa kichwa, tata, bado," akamwambia baba yake.

Mzee akakaza tena.