Nafasi Mbili za Juu

Mbonigaba alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja ofisini wala nyumbani: jina haliandikwi mpaka wanaohusika wakae mbele ya daftari na kukubali kwa midomo yao wenyewe.

Alikuwa karani wa vizazi, ndoa na vifo katika ofisi moja ya serikali hapa Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Miaka ile baada ya vita watu walimjia kila siku na maombi ya haraka. Mmoja alitaka ndugu yake aliye Masisi, ng'ambo ya mpaka, aandikwe leo, mwenyewe atakuja kesho. Mbonigaba alifunga kalamu.

"Akija kesho, nitamwandika kesho."

Wengi walimwita mgumu. Mimi nilifanya kazi chumba cha pili na sikumwona hivyo. Katika nchi hii tumeona majina ya watu yakiandikwa pembeni na watu wengine, wenyewe wakiwa hawapo, na sote tunajua orodha zile zilifanya kazi gani. Mtu aliyeamua baada ya hapo kwamba jina si kitu cha kuandikwa hivi hivi alikuwa na haki.

Lakini alikuwa na daftari la pili, lenye jalada la bluu, ambalo halikuwa la serikali. Lilikuwa la kriketi.

Huku kwetu hakuna aliyecheza kriketi. Yeye alijifunzia Uganda, ambako wazazi wake walikimbilia, katika shule moja ya bweni alikosoma na kijana mwenzake wa ukimbizini aitwaye Callixte. Ni mchezo wa kibao na mpira mgumu kama jiwe. Timu ina watu kumi na mmoja, lakini wapigaji husimama uwanjani wawili kwa wakati, mmoja kila upande. Wawili wa kwanza huitwa wafunguzi. Wao ndio wanaoupokea mpira ukiwa mpya na warushaji wakiwa bado na nguvu zao zote. Kazi yao ni kudumu, ili wenzao wakiingia wakute mpira umechoka. Kukimbia nako ni lazima wakimbie pamoja, kila mmoja kuelekea upande wa mwenzake. Mmoja akiita "njoo," mwingine hatakiwi kusimama na kufikiri. Akisita hatua mbili tu, mmoja wao ametoka.

Mbonigaba na Callixte walikuwa wafunguzi wa shule yao miaka mitatu. Callixte ndiye aliyeita. Mbonigaba aliniambia kwamba katika miaka ile yote hakuwahi kugeuza kichwa kuutazama mpira. Alisikia sauti, akakimbia.

Walipokuwa watu wazima, Callixte alimwoa Vénantie, mwanamke wa Goma, akawa mwalimu wa Kiingereza huko. Mbonigaba alirudi Rwanda mwaka 1994 akapewa kazi Gisenyi. Kati ya nyumba zao kulikuwa na mwendo wa nusu saa kwa miguu, ukiacha foleni ya barieri ndogo, mojawapo ya vituo viwili vya kuvukia mpaka. Kila Jumamosi saa nne asubuhi walikutana, wiki hii Goma, wiki ijayo Gisenyi, na shughuli yao ilikuwa moja: kuchagua timu ya wachezaji kumi na mmoja bora kuliko wote waliowahi kuishi.

Usicheke. Watu wazima waliopoteza mengi hushika kitu kimoja kidogo na kukifanya kwa uaminifu. Hawa walishika hiki. Walikuwa na kitabu kimoja cha kriketi cha tangu shuleni, kisicho na jalada, na redio ya masafa mafupi. Kanuni ya ofisini ikawa kanuni ya daftari la bluu pia: wakae wote wawili, wakubaliane, ndipo Mbonigaba aandike kwa wino. Kwa miaka minne waliandika majina tisa. Zilibaki nafasi mbili za juu kabisa, za wafunguzi, na hizo waliamua ziandikwe kwa pamoja kwa sababu jozi ni kitu kimoja.

Jina la kwanza halikuwa na ubishi. Lilikuwa Hobbs, Mwingereza mtoto wa familia maskini, aliyekuwa bado akifungua kwa nchi yake akiwa na miaka arobaini na sita. Ubishi ulikuwa juu ya mwenzake. Mbonigaba alimtaka Gavaskar wa India. Callixte alimtaka Hutton wa Uingereza.

Niliwasikia Jumamosi moja kwenye ua wa Mbonigaba, mke wake akituletea chai.

"Gavaskar ni mfupi kama wewe," Callixte alisema, "ndiyo maana unampenda."

"Mfupi aliyekwenda West Indies kijana mdogo, safari yake ya kwanza, akapata mikimbio mia saba sabini na nne. Mbele ya watu wanaorusha mpira kama risasi. Wewe ungejificha nyuma ya mwamuzi."

"Mimi? Nani alilia shuleni mpira ulipompiga kidole?"

"Nilikuwa na mafua."

"Mafua ya kidole! Sikiliza, Mbonigaba. Hutton alivunjika mkono wakati wa vita. Walimpasua mara kadhaa, na mkono wa kushoto ukabaki mfupi kuliko wa kulia. Akachukua kibao chepesi cha watoto, akajifunza upya, akarudi kufungua kwa nchi yake. Gavaskar alipiga kwa mikono miwili. Huyu alipiga kwa mmoja na nusu."

"Huruma si hoja."

"Sisemi umhurumie. Nasema umtazame."

Hapo ndipo walipofika kila wiki, na hapo ndipo walipoachana kila wiki, wakicheka.

Mwezi wa saba mwaka 1998 ofisi yetu ilijengewa ukuta wa mawe meusi ya volkano. Mmoja wa waashi aliitwa Nzabonimpa, mtu wa Busasamana, na mkono wake wa kushoto ulivunjwa vitani ukaunga vibaya. Ulikuwa mfupi na haukunyooka. Alilipandisha jiwe kwa goti, akalituliza kwa kiwiko, uzi wa kupimia akaushika kwa meno. Safu zake zilikuwa zimenyooka kuliko za wenzake wote. Mbonigaba alimtazama dirishani siku tatu, kalamu mkononi. Jumanne alikuja chumbani kwangu.

"Callixte ameshinda," alisema. "Ni Hutton. Miaka minne ananiambia nitazame, na mimi nilikuwa nasoma hesabu tu."

"Utamwambia?"

"Jumamosi. Nataka nimwone uso."

Alifurahi kama mtu aliyeficha zawadi.

Jumatano saa saba mchana alikuja ofisini Vestine, mama mmoja anayevuka kila siku kuuza viazi vya Bugeshi katika soko la Goma. Sisi tulimwita Mama Gentil. Alikuwa bado na beseni kichwani.

"Papa Ineza," alimwambia Mbonigaba, akimwita kwa jina la binti yake, "mi natoka Goma sasa hivi. Callixte iko ku hopitali tangu dimanche, siku ya misa. Figo. Miguu imevimba, uso imevimba, hata macho haionekane vizuri."

Mbonigaba alisimama.

"Ameniambia, muambie Mbonigaba mi nakubali. Muambie aandike Gavaskar wake, liste iishe. Ni hivyo tu amesema. Mi sijue huyo Gavaskar ni nani, kama ni deni ao ni mutu."

Mbonigaba alikaa tena. Nilimwona akifungua droo, akalitoa daftari la bluu, akaliweka mezani bila kulifungua.

"Amekubali kwa sababu anaumwa," alisema. "Siwezi kuandika hivyo. Mwambie jibu nitampa Jumamosi, ana kwa ana."

"Samedi?" Vestine aliteremsha beseni. "Mutu iko anavimba hivi, na we unamupa rendez-vous, siku na saa, kama ministre?"

"Mama Gentil, kuna namna ya kufanya hili jambo."

"Bon. Kuna namna. Sasa mi narudia Goma kesho asubuhi. Nipe hata neno moja nimupelekee. Moja tu."

Neno lilikuwepo. Lilikuwa jina la mtu mmoja, na Vestine angeweza kulibeba bila kulielewa, kama alivyolibeba lile la kwanza. Mbonigaba alisema, "Mwambie Jumamosi saa nne."

Vestine alilipandisha beseni kichwani. "Haya. Mu bureau munajua kuandika, kutembea hamujue." Akaondoka.

Mbonigaba aliniuliza kama amekosea. Nilimjibu kwamba kanuni ikivunjwa kwa rafiki haitasimama kwa mtu mwingine yeyote. Niliyasema hayo kwa uhakika kamili, na sitayaficha hapa. Vilevile angeweza kuomba ruhusa avuke mchana uleule. Mkuu wetu asingemkatalia. Hakuomba. Alisema ofisi si mahali pa kutoka kwa mambo ya mchezo. Nami nilimsifu kwa hilo pia.

Ijumaa alfajiri risasi zilisikika upande wa milimani. Wacengezi, wale wapiganaji waliokuwa wakivuka kutoka Kongo, walikuwa wameingia. Barieri zote mbili zilifungwa. Jumamosi saa mbili Mbonigaba alikuwa tayari kwenye barieri ndogo, amevaa koti, daftari kwapani. Askari alimwambia hakuna anayevuka. Alisimama hapo mpaka saa nane. Kutoka pale unaziona paa za Goma, na ukiwa na macho mazuri unamwona mtu anayeanika nguo.

Mpaka ulifunguliwa Jumatatu. Alivuka wa kwanza. Hospitalini walimwambia kitanda kina mgonjwa mwingine. Alikwenda nyumbani kwa Callixte akakuta viti vimepangwa uani na wanawake wakiosha masufuria ya msiba. Callixte alikuwa amezikwa Jumapili.

Vénantie ndiye aliyemweleza, na Mbonigaba alinieleza mimi jioni ile kwa sauti ile ile anayosomea vyeti.

Alhamisi Vestine alipoleta ujumbe, Callixte alicheka mpaka akakohoa. "Samedi saa nne," alisema. "Basi ni yeye kweli." Ijumaa hakuongea sana. Jumamosi asubuhi aliomba anyolewe ndevu. Vénantie alimwambia mpaka umefungwa, risasi zinalia Gisenyi. Alijibu, "Mbonigaba akisema saa nne ni saa nne. Niinue." Walimwegemeza kwa mito miwili, uso kuelekea mlangoni. Aliuliza saa mara nyingi. Alikufa saa nane kasoro, akiwa bado ameegemezwa hivyo.

"Alitaka nini kwako?" Vénantie aliuliza. "Miaka yote hii munabishana. Alitaka umuambie nini?"

Mbonigaba alimwambia kwamba Callixte alikuwa ameshinda, na kwamba yeye alilijua hilo tangu Jumanne.

"Basi andika sasa," mjane alisema. "Kalamu iko."

Hakuweza. Wa kukubaliana naye hakuwapo, na neno lake la mwisho juu ya jambo hili lilikuwa Gavaskar.

Nimelifikiria jambo hili sana, kwa kuwa mimi si mtu wa kudharau kanuni. Kanuni ile ilikuwa nzuri, na ofisini iliwalinda watu. Lakini ilitungwa ili asiyekuwapo asidhulumiwe, na Jumatano ile Mbonigaba aliitumia kulinda furaha yake mwenyewe ya kuuona uso wa mwenzake. Hakuulizwa aandike. Aliulizwa neno moja, na hakuna kanuni, hata yake, iliyokataza kulipeleka. Tena alikuwa na kanuni ya zamani zaidi, ya uwanjani, aliyoishika akiwa kijana wa miaka kumi na saba: mwenzako akiita, kimbia. Callixte aliita Jumatano. Mbonigaba alisimama na kufikiri, na mimi nikasimama karibu yake nikimwambia anafikiri vizuri.

Bado ni karani, na bado haandiki jina la mtu asiyekuja. Daftari la bluu liko kwenye droo ya chini. Mara moja nilimwomba anionyeshe, akanionyesha. Lina majina tisa kwa wino, kuanzia nafasi ya tatu, na juu yake mistari miwili mitupu.

Callixte alikaa kitandani akitazama mlango tangu saa nne hadi karibu saa nane, akafa bila kujua kwamba rafiki yake amekubaliana naye.