Anayeuliza Ndiye Apikaye Chai

Ukitaka kumjua Evaline, mwulize iliko miwani yake. Iko kichwani. Atapekua meza, atapekua mkoba, atatusingizia sote ofisini, mimi nikiwa wa kwanza, kisha ataigusa utosini na kuangua kile kicheko chake cha kusikika hadi barabarani. Mie Mwatumu, mtu wa Tanga, subira sikujaliwa, na Mungu akaniweka ofisi moja na mwanamke huyu. Nimeshamwambia mara chungu nzima: "Dada Evaline, iko siku utapoteza kichwa chenyewe." Ananijibu, "Si utanitafutia, Bi Mwatumu?"

Yeye ndiye mratibu wa shahada ya uzamili ya ubunifu wa ujifunzaji, katika tawi la chuo chetu hapa Kasulu. Mimi nafundisha upimaji, na Isack anashughulika na kamera na sauti. Ndio sisi, hatuna mwingine. Wanafunzi wetu ni watu wazima, walimu na wakufunzi kutoka Kibondo, Buhigwe na Kasanda, na mmoja, Nsimire, Mkongo, anakuja kwa kibali kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Hatuwafundishi kusimama mbele ya ubao, hilo wanalijua. Tunawafundisha kuunda somo kama seremala anavyounda kiti. Ukimaliza, mtu akikalie, na kikiyumba utengeneze kiti, usimlaumu aliyekaa.

Mjini hapa, mwanzoni, nani alituelewa? Watu walisikia neno "ubunifu" wakadhani tunabuni mitindo ya nguo. Tulipoletewa cherehani kwa ajili ya somo la majaribio, ndipo tukajimaliza wenyewe. Mwenye nyumba tuliyopanga alikuja na suruali mbili za kupunguza urefu. Nikamwambia, baba, hapa ni chuo. Akaniangalia, akaziangalia cherehani, akaniangalia tena. Nilipandwa na hasira hadi kilemba kikalegea, na Evaline yuko nyuma yangu anajikunja kwa kucheka. Suruali akazipokea, akampa fundi wa jirani, na mwenye nyumba mpaka leo anajua ni mimi niliyeshona. Akinikuta sokoni ananisifia mshono.

Evaline alizaliwa kijijini, upande wa Kibondo, mtoto wa mama muuza maharage. Mchana shule, jioni kuchambua maharage ugani, mabovu huku, mazima huku. Alikuwa mdogo bado, madarasa ya chini, siku aliponyoosha kidole akasema, "Mwalimu, sijaelewa." Darasa zima likamcheka, na mwalimu akamsimamisha hadi kengele. Tangu siku hiyo, mwalimu akiuliza "Mmeelewa?" naye alivuta "Ndiyoooo" ndefu pamoja na wenzake. Wewe uliyesoma shule zetu unaijua hiyo ndiyo. Haina maana yoyote. Ni kama kusema "salama" wakati homa imekushika.

Akawa mwalimu mwenyewe, akapangiwa Kasanda, na siku ya kwanza tu akakuta ile ndiyo imemtangulia darasani. Huko ndiko alikobuni mambo yake ya maharage. Kila mtoto alipewa punje moja. Somo likiisha, mtoto haulizwi kama ameelewa. Anakwenda kuiweka punje yake pale alipopotelea, kwenye mchoro sakafuni au kwenye hesabu iliyoandikwa kwa chaki. Hakuna wa kumcheka, kwa sababu kila mtu ana punje yake. Mwalimu anaangalia kichuguu cha maharage kiko wapi, anajua somo lake lilivunjikia hapo. Alisoma zaidi, akafika mbali, na huko mbali wakamwona. Wakampa kazi nzuri Dodoma, ofisi yenye kiyoyozi. Akaikataa, akarudi Kasulu na pikipiki yake na mabuti ya mvua kuanzisha shahada hii. Mimi ningeikubali, sikufichi.

Kwetu hapa ana mwiko mmoja. Ni marufuku kuuliza "Mmeelewa?" Atakayeteleza, awe mwanafunzi au mkufunzi, anakwenda nyuma kwenye jiko la mkaa kupikia watu wote chai. Mimi chai nimeipika hadi Isack akaniuliza kama nafungua hoteli. Ulimi umezoea, jamani! Nafunga somo vizuri, nakusanya vitu vyangu, mara puu, "Mmeelewa?" Darasa linapiga vigelegele.

Sasa, shahada yetu ilikuwa ya majaribio. Kundi la kwanza likimaliza, makao makuu yangemtuma mtu aje aangalie, aseme iendelee au ifungwe. Siku hiyo ilipofika, Evaline alikuja asubuhi na mapema, miwani ikiwa puani. Ndipo nilipojua kwamba anaogopa.

"Wakiifunga," akaniambia, "nitarudi Kibondo kuuza maharage."

Alisema kwa kucheka, lakini ufunguo ulimshinda kuingiza kwenye kitasa. Nikauchukua, nikafungua. Roho iliniuma, nikamwambia asiseme upuuzi.

Mgeni akaja. Dakta Ildefonsi, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likasimama, mtu wa adabu lakini uso umefungwa kama duka saa ya sala ya Ijumaa. Somo alilokuja kuliona lilikuwa la Nsimire, na wanafunzi wake walikuwa kina mama wa kikundi cha ushonaji wanaoanza kujifunza cherehani. Mgeni alipoingia, wale mama wakainama kidogo wakimpigia makofi taratibu, "Mwidiwe! Mwidiwe!", salamu ya Waha yenyewe, haina haraka. Dakta akaangalia saa. Nikamtazama kwa jicho baya, Evaline akanifinya.

Nsimire akaanza. Kazi ilikuwa kupitisha uzi kwenye cherehani, kuanzia juu kwenye kigurudumu cha uzi hadi tundu la sindano. Alikuwa ametandika chini turubai lenye mchoro mkubwa wa cherehani, na kila mama ana punje yake mkononi. Akaonyesha mahali hadi mahali, polepole, kwa Kiswahili chake kitamu cha Kongo, "Bamama, uzi unapita fasi hii, halafu fasi hii." Wakajaribu. Wengine uzi ukajisokota chini ya kitambaa, wengine ukakatika. Nsimire alitulia tu, kwa kuwa zamu ya maharage ilikuwa bado. Na hapo ndipo mgeni, kwa nia njema kabisa, akasimama, akakohoa, akawageukia wale mama.

"Kina mama," akasema, "mmeelewa?"

Lo! Isack alifumba macho nyuma ya kamera. Na wale mama, ambao Nsimire alikuwa amewafundisha kwa majuma kwamba kusema ukweli si aibu, wakajibu kwa pamoja, kwa sauti moja nzuri, yenye furaha:

"Hatujaelewaaa!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dakta Ildefonsi akamgeukia Evaline. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Mratibu," akasema kwa upole, "mwanafunzi wako wa uzamili anafundisha, darasa zima linasema halijaelewa. Mimi nikaripoti nini?"

Mie tayari nilishashika kiuno. Nilikuwa na maneno, na yote hayakuwa ya kusemwa mbele ya mgeni. Evaline akanitangulia.

"Daktari, tupe muda wa chai kuchemka tu. Kisha uamue."

"Sawa," akasema Dakta. "Chai inapikwa wapi?"

Tukatazamana. Mama Nkunzimana, mkubwa wa wale mama, mwenye kitenge cha njano na asiyemwogopa mtu, akanyoosha kidole kuelekea mlango wa nyuma.

"Kule, baba. Mkaa uko kwenye debe. Anayeuliza ndiye apikaye."

Ndugu yangu, sijui ni nini kilinishika. Badala ya kuokoa jahazi, nikasema, "Ni kweli, Daktari. Ni sheria ya hapa. Hata mimi napika." Evaline alinitazama kama mtu anayeona nyumba yake inaungua na mimi nachochea. Dakta akatutazama mmoja mmoja. Kisha, taratibu, akafungua vifungo vya mikono ya shati lake jeupe, akakunja, akatoka kwenda jikoni. Dirisha la jiko linatazama darasani. Nikaiona sura yake pale, imejaa moshi, anapepea mkaa kwa mfuniko wa sufuria huku anatuangalia.

Nsimire akapumua. "Bamama, wekeni maharagi."

Wakainuka, mmoja mmoja, wakaweka punje kwenye turubai. Hazikutawanyika. Karibu zote zilikwenda mahali pamoja, kwenye kile kimkono cha chuma kinachopanda na kushuka juu ya sindano. Nsimire akazitazama, uso ukamng'aa.

"Aksanti, bamama! Sasa najua fasi mulipotea. Hapa nilipita mbio. Kosa ni yangu. Turudilie."

Akafungua kifuniko cha mashine. Akaacha uzi bila kuupitisha kwenye kile kimkono, akawaambia wazungushe gurudumu wenyewe, wauone unavyolegea na kujisokota. Kisha akampa Mama Nkunzimana aupitishe, azungushe tena. Uzi ukakazika. "Eee!" akasema Mama Nkunzimana. "Kumbe huyu ndiye anayeushika mkono!" Wenzake wakamzonga, wakiitikia kwa Kiha, "Ego, ego, nione na mimi!" Kila aliyefaulu alikuja kuchukua punje yake turubaini, akaitia kwenye fundo la kitenge. Cherehani zikaanza kuimba, na Nsimire alikuwa anazunguka katikati akipiga makofi kama aliyekuja harusini. Evaline hakupiga kofi hata moja. Macho yake yalikuwa dirishani.

Dakta aliingia na birika, shati jeupe lina alama ya mkaa tumboni. Turubai lilikuwa tupu. Akalitazama kwa muda, akaweka birika chini.

"Keti, baba," akasema Mama Nkunzimana, akimwachia kiti chake. "Shona."

"Mama, mimi sijui kushona."

"Hata sisi jana hatukujua." Akamtilia punje ya haragwe kiganjani.

Akaketi, magoti yakagonga meza. Akapitisha uzi, akakanyaga, uzi ukajisokota ukakatika. Mgeni mzima, daktari wa falsafa, akainuka, akaenda kwenye turubai, akainama, akaiweka punje yake juu ya kile kimkono. Peke yake. Hakuna aliyemcheka. Nsimire akaja akamrudilia polepole, na safari ya pili akashona mstari uliopinda kama barabara ya kwenda Buhigwe, akaunyanyua kila mtu auone. Vigelegele! Hata mimi nilipiga, na mimi vigelegele vyangu ni vya Pwani, vinatoboa bati.

Tukanywa chai. Nyeusi, sukari imezidi, lakini hakuna aliyesema neno. Dakta akageuza kikombe mikononi, akamtazama Evaline.

"Mratibu, mimi nimefundisha maisha yangu yote," akasema. "Nimeitikiwa ndiyo na maelfu ya watu. Leo ndiyo mara ya kwanza darasa linaniambia ukweli." Akaweka kikombe chini. "Nitapendekeza muendelee. Mchukue kundi la pili, na la tatu. Mmeelewa?"

Mama Nkunzimana akaangua kicheko, akaanza kusogeza birika upande wa Dakta. Mimi nilikuwa namtazama Evaline. Hakucheka. Aliketi wima, machozi yanamtiririka hadi kwenye kikombe, akanyoosha kidole juu kama mtoto wa darasa la tatu.

"Mwalimu," akasema, "sijaelewa. Rudia."

Na Dakta Ildefonsi akasimama, akarudia, neno kwa neno, polepole, mpaka Evaline akaelewa.