Lori Lililoshuka Kimya

Mukai wa Tala hakuwahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Hata kwenye mnada wa mavuno kanisani, ambako watu hupandisha bei ya kuku kwa ajili ya Bwana, yeye aliwahi kumuuliza katekista mbele ya watu kama kuku huyo anataga au ni wa sura tu. Alianza na beseni la nyanya pembeni mwa soko, akapanda hadi gunia, kutoka gunia hadi kibanda, na mwishowe akajipatia lori. Lilikuwa kuukuu lakini lake, na lilikuwa likienda Kivaa na Masinga kuzoa ndengu na mahindi ya wakulima na kuyaleta Tala. Watu walisema ana bahati. Mwenyewe alisema bahati ni kusimama kwenye jua mpaka mwenye mali achoke kabla yako.

Kuendesha hakujua, wala hakutaka kujua. Hiyo ilikuwa kazi ya Musili, kijana mrefu, mtaratibu, asiyekunywa, aliyeoa majuzi na aliyependa kuongea na lori kana kwamba ni ng'ombe.

Mwaka huo wa sheria mpya za barabarani, madereva walipigwa pande mbili. Magari ya abiria na malori yalilazimishwa kufungwa spidi gavana, kidude cha kubana mafuta ili gari lisivuke kilomita themanini kwa saa. Na dizeli nayo ikapanda, ikatulia kidogo kama mtu anayepumzika ngazini, kisha ikapanda tena. Pale kituo cha petroli cha Matuu, madereva walisimama na makopo yao ya chai wakilalamika mpaka chai inapoa.

"Jana nimepitwa na maiti," alisema Gatimu, mzee wa Yatta aliyebeba vitunguu. "Wallahi sidanganyi, ingawa mimi ni Mkristo. Pikapu ya mazishi. Waombolezaji wakanipungia mkono."

"Uliwapungia?" akauliza Musili.

"Ningefanyaje? Niliona kama wananiambia twende."

Wakacheka. Mukai, aliyekuja siku hiyo kukagua mafuta yake yanavyoingia, hakucheka. Alikuwa akiangalia mashine ya petroli inavyozungusha namba.

"Mama Kanini," Musili akamwambia, akimwita kwa jina la bintiye wa kwanza kama walivyomwita wote sokoni, "dizeli imepanda na hii gavana inanichelewesha. Usije ukasema nakunyonyea tangi."

"Kwani unaninyonyea?"

"Mimi? Na hii sura?"

"Hiyo sura ndiyo inanipa wasiwasi. Sasa sikiza. Kila safari nakupa dizeli kiasi kimoja, haiongezwi hata tone. Ikibaki ni yako. Uza, kunywa, osha nayo miguu. Ikiisha njiani, usinipigie simu."

"Sawa," Musili akasema.

Basi, hivyo tu. Mukai alikuwa amejiandaa kubishana mpaka saa sita, na akabaki na maneno yake mdomoni. Kitu kikamkwaruza kifuani. Mtu akikubali bei ya kwanza, kuna jambo ameliona ambalo wewe hujaliona. Hilo alilijua tangu enzi za beseni. Lakini kulikuwa na magunia yanangoja, naye akaondoka akijisifu. Wiki zikapita. Musili hakuishiwa dizeli hata siku moja. Akanunua viatu vipya. Mukai akajiambia kwamba kumbe kweli kijana alikuwa akimnyonyea tangi, na sasa amemtibu.

Kisha wenye magari ya abiria wakagoma kwa sababu ya hizo gavana. Waliyaegesha magari yao, na nchi nzima ikatembea kwa miguu. Mukai alikuwa Kivaa, alikokwenda kupatana bei ya ndengu na kina mama wa huko, na hakukuwa na la kumrudisha nyumbani isipokuwa lori lake mwenyewe. Hakuwa amepanda humo tangu siku ya mapatano. Asubuhi wakapakia mpaka maturubai yakavimba, akakaa mbele karibu na Musili, mkoba mapajani, wakaondoka.

Barabara ilikuwa imejaa watu. Walimu wameshika viatu mkononi, kina mama na vikapu vyao, mgonjwa kwenye baiskeli akishikiliwa na nduguze wawili. Kila kundi lilipunga mkono kuomba lifti, na Musili akaonyesha mzigo nyuma kwa kidole gumba, akapita. Huko juu kwenye tambarare ya Yatta aliendesha vizuri, na Mukai akaanza kusinzia.

Walipofika pale ambapo ardhi inakatika na barabara inaanza kushuka kuelekea daraja la Athi, Musili alivuta kijiti cha gia katikati, kisha akarudisha ufunguo hatua moja.

Mngurumo ukakatika. Mukai akaamka kwa sababu ya ukimya. Alisikia upepo dirishani, na kamba za maturubai zikivuma.

"Limezimika," akasema.

"Halijazimika. Nimeliweka fri."

"Fri ndiyo nini?"

"Nimetoa gia, nikazima injini. Mteremko unatubeba mpaka chini. Darajani nadondosha gia, linajiwasha lenyewe." Alisema kwa fahari kidogo, kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake. "Kila dereva anafanya siku hizi. Unadhani dizeli inabaki vipi? Na uzuri wake, mama Kanini, fri haina gavana."

Mukai akatazama ule mshale wa mwendo. Magari hakuyajua, lakini mishale aliijua; maisha yake yote alikuwa amesimama mbele ya mizani. Mshale ulikuwa umeivuka themanini na bado ulikuwa ukipanda, polepole, bila sauti yoyote.

"Washa, Musili."

Musili akacheka. "Si dizeli ni yangu? Ndiyo mapatano."

"Washa. Nitakurudishia."

"Ya huu mteremko peke yake ama ya yote?"

"Yote. Washa."

Mukai akageuka kumtazama Musili, akaona kwamba kile kicheko kilikuwa kimebaki usoni tu, kimesahauliwa pale. Mguu wake ulikuwa unakanyaga. Alikanyaga tena. Breki ilikuwa imekuwa ngumu kama jiwe.

"Hii breki inataka injini," akasema kwa sauti ndogo. "Nimeikanyaga mara nyingi huko juu, upepo wake umeisha. Leo mzigo ni mkubwa."

Akazungusha ufunguo. Betri ikakohoa, ikanyamaza. Akajaribu kuingiza gia, na chuma kikasaga chuma chini ya miguu yao mpaka Mukai akahisi meno yake yanauma. Gia ikakataa. Kwa mwendo ule isingekubali.

Kona ikafunguka, na daraja likaonekana chini, jembamba, vyuma pande mbili. Lilikuwa limejaa watu. Wote walikuwa wakielekea upande wa Tala, migongo ikielekea lori, wakitembea katikati ya barabara kama watu wanavyotembea siku ambayo hakuna magari. Mukai aliona kitambaa cha njano kichwani mwa mwanamke mmoja, na mtoto mgongoni mwake, kichwa kimelala upande.

"Piga honi!"

Honi ikalia kama mwana-mbuzi. Hakuna aliyegeuka. Mto ulikuwa umejaa na unavuma, watu walikuwa wakipiga gumzo, na lori halikuwa na sauti ya kumshtua hata kuku. Mukai akavua kiatu, akatoa mkono dirishani, akapiga nacho mlango wa bati kwa nguvu zake zote, akiita watoke, watoke, kwa Kiswahili, kwa Kikamba, kwa sauti isiyo na lugha. Upepo ukaichukua sauti yake na kuirudisha nyuma, kwenye mzigo.

Hakumwomba Mungu. Baadaye hilo lilimshangaza. Kichwa chake kilikuwa kinatafuta wa kupatana naye, kwa mazoea, na hakikumpata. Mteremko haukutaka chochote alichokuwa nacho.

"Njoo upande wangu," Musili akasema. "Upesi, mama."

Akajisogeza. Musili akaulalia usukani kwa kifua, maana bila injini ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na akalipeleka lori kushoto, kwenye ukingo wa udongo uliochongwa wakati barabara inatengenezwa. Upande huo ndio uliokuwa wa Mukai. Hakukuwa na upande mwingine. Wa kulia ulikuwa korongo.

Kioo cha pembeni kikaenda kwanza. Kisha mlango ukaingia ndani, udongo na mizizi vikamiminika dirishani, na lori zima likapiga kelele ambazo lilikuwa limezizuia tangu juu. Likajikwaruza, likainuka upande mmoja, likatikisika. Likasimama.

Sasa ndipo watu wa darajani walipogeuka.

Mukai alijikuta ameshika shati la Musili kwa mikono yote miwili. Akaliachia. Wakatokea mlango wa dereva, na Mukai akakaa chini barabarani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Kila mteremko?" akauliza.

"Kila mteremko. Tangu tulipokubaliana."

"Na hukuniambia."

"Ungeniuliza ningekuambia, mama Kanini. Wewe uliuliza habari ya dizeli." Midomo ya Musili ilikuwa imekauka kuwa nyeupe.

Watu wakapanda kutoka darajani kuja kutazama. Yule mwenye kitambaa cha njano, mama mmoja ambaye wenzake walimwita Munyiva, alifika wa kwanza na mtoto bado amelala mgongoni.

"Mbona mnakuja kimya kama paka?" akasema. "Mngetuua na hatungejua ni nini."

"Hawa wanabana dizeli," akasema mzee mmoja. "Tajiri hawi tajiri hivi hivi."

Gunia moja lilikuwa limepasuka na ndengu zilikuwa zinamwagika kwenye lami. Watu wakainama. Wengine waliokota kusaidia, wengine waliokotea mifuko yao wenyewe, na Mukai, kwa mara ya kwanza maishani, hakuangalia nani ni nani. Alikuwa akitazama juu, ile kona. Kila dereva anafanya siku hizi. Musili ndiye aliyesema. Na hawa watu wote sasa walikuwa wamesimama kwenye barabara ile ile, katikati, kwa sababu yake, tena wameinama.

Akasikiliza. Hakusikia kitu, na hilo ndilo lililomwinua.

"Tokeni barabarani," akasema. "Kuna malori mengine yanakuja."

"Hatusikii lori," akajibu mzee.

"Hamtasikia. Tokeni."

Mtu akacheka. Munyiva akasema mama ameshtuka, apewe maji. Hakuna aliyesogea. Mukai aliwatazama kama alivyotazama wateja miaka yote hiyo, na akajua kwamba kelele hazitawasogeza watu hawa.

"Musili, shika huku."

Wakalivuta lile gunia lililopasuka, wakalikokota hadi ng'ambo ya barabara, wakalisukuma likabingirika kwenye nyasi za korongo, ndengu zikitawanyika njia nzima.

"Ni za bure," Mukai akasema. "Na gunia la pili nawaongezea. Mwenye haraka ndiye anayepata."

Hapo wakasogea. Walishuka wote, wazee kwa vijana, wakisukumana, na Munyiva akifungua leso ya kiunoni huku anakimbia. Waliobaki darajani wakaona wenzao wanakimbilia kitu, nao wakapanda upesi. Mukai akasimama kando, akimvuta mzee kwa koti lake, maana yeye alikuwa bado anaokota zile za kwenye lami moja moja.

Halikutoa sauti. Lori jingine lilitokea kwenye kona likiwa limebeba mawe ya ujenzi, likapita mahali walipokuwa wameinama, upepo wake ukainua kitambaa cha Munyiva, na likavuka daraja tupu. Dereva alitoa mkono dirishani kuwasalimia. Upande wa pili, kwenye mwinuko, ndipo injini yake iliposikika ikiwaka.

Mtoto mgongoni mwa Munyiva akaamka, akaanza kulia.

Baadaye wanaume walisaidia kulisukuma lori kutoka kwenye ukingo, na Musili akaliwasha kwa ule mteremko mdogo uliobaki. Akalishikilia kwa gia ya kwanza, linanguruma na kutoa moshi.

"Panda, mama Kanini. Sizimi tena."

"Dizeli ni juu yangu," Mukai akasema. "Yote. Ya kubaki iwe yangu, ya kuisha iwe yangu."

"Na mimi?"

"Tutaongea Tala. Wewe tangulia, uvuke. Ningoje ng'ambo."

Alilitazama mpaka likafika. Kisha akavaa kiatu chake, akalivuka daraja kwa miguu pamoja na wale wengine, akishika vyuma vya pembeni, na kila baada ya hatua chache aligeuza shingo kutazama nyuma.