Nifungulie Kama Hunijui

Kila anapomaliza mchoro, mchora ramani za nyumba huchomoa flashi, huipuliza kama anapooza uji, kisha huja nayo mezani kwa karani wa mapokezi. "Shoga, nifungulie kama hunijui." Karani amezoea, na kisa chake anakijua. Siku moja picha iliyoonekana vizuri kwenye kompyuta ya mchoraji ilibaki hukohuko, fundi akapokea kisanduku kitupu katikati ya ramani. Tangu hapo mwanamke huyu haiamini mashine yake. Huipachika picha ndani ya mchoro wenyewe, halafu hutafuna kifuniko cha kalamu mpaka aione kwenye kompyuta ya mwenzake.

Leo picha ni ya mlango wa zamani, ambao bibi mmoja anataka uhamishiwe kwenye nyumba yake mpya. Pichani bibi mwenyewe amesimama mlangoni, anacheka pengo likionekana, mkono kwenye mkongojo.

"Mlango umefika," karani akasema. "Lakini huyu bibi si ungemwondoa? Fundi anataka mlango tu."

"Mwache. Fundi ajue anamjengea nani."

Mchoro ukatumwa. Hata chai haijapoa, simu ikalia, fundi akaongea kwa sauti ya kusikika chumba kizima.

"Mlango nimeuona. Ila mwenye nyumba anatembelea mkongojo, na hapa umenichorea ngazi. Tumwekee mteremko?"

Kifuniko kikamdondoka mchoraji mdomoni. Akacheka, akakimbilia kompyuta yake. Baadaye karani, bila hata kuinua macho, akasikia flashi ikipulizwa.

"Shoga, nifungulie tena."