Kilio cha Saa Kumi

Wilma Kratochvil aliigiza mjane redioni miaka tisa, mimi nikimpigia kinanda kila anapolia. Wakubwa wa redio walikataza kurekodi. Mchezo tuliucheza Chicago saa saba kwa wasikilizaji wa mashariki, tukaurudia saa kumi kwa wale wa magharibi, ambako saa ziko nyuma.

Siku moja, katikati ya saa hizo, akapigiwa simu: mama yake amefariki.

"Nenda nyumbani, Wilma," nikamwambia.

"Na wa magharibi atawalilia nani?"

Saa kumi akalia vilevile, sekunde zilezile kumi na mbili.

"Hujapunguza hata chozi!" mtayarishaji akamsifu, mpumbavu yule.

Makaburini Wilma alisimama macho makavu, ndugu zake wakimtazama. Akaniinamia sikioni.

"Otto, mbona hupigi kinanda?"